"Sina Hela": Neno Hili Lilitoka Wapi?

Kama mtu angekaa sokoni hapa Tanga tangu asubuhi hata jua la saa sita, akayahesabu maneno yasemwayo na watu, twadhani neno moja lingeyashinda mengine mengi. Neno lenyewe ni hili: "Sina hela." Mama humwambia mtoto aliaye karibu na muuza maandazi. Kijana humwambia kondakta wa basi. Mdeni humwambia mdai wake, na mara nyingi humwambia kabla hajaulizwa. Walakini tukimwuliza mmoja katika hao, "Hela ni nini?" atajibu upesi, "Ni fedha." Na tukimwuliza tena, "Mbona basi haiitwi fedha?" hapo atanyamaza, au atacheka. Mwezi huu twapenda kulieleza neno hilo, kwa kuwa ndani yake imo habari ya babu zetu wa pwani hii na wa milima ya Usambara, na si habari ndogo.

Kwanza tuondoe takataka njiani. Wazee wa pwani walikuwa na neno jingine, "hela!", la kumhimiza mtu, kama vile tusemavyo "hebu!" au "haya!" Hilo ni neno jingine kabisa, halina udugu na fedha. Tena mtu asije akadhani kwamba hela ni ndugu yake hila kwa sababu ya sauti zao kufanana, ingawa twakiri kwamba mara nyingi mambo hayo mawili huonekana yakitembea pamoja. Hila ni neno la Kiarabu. Hela halikutoka Uarabuni, wala halikutoka kwa Wabondei, wala Washambaa, wala Wadigo. Lilikuja kwa meli, limeandikwa juu ya shaba.

Zamani watu wa Mrima walijua fedha za namna nyingi. Ilikuwako riale, kipande kikubwa cha fedha chenye sura ya Maria Theresia, malkia wa Austria aliyekufa mwaka 1780; na hata zile zilizopigwa muda mrefu baada ya kufa kwake ziliandikwa mwaka ule ule wa 1780. Ilikuwako rupia ya Kihindi. Na kwa manunuzi madogo ilikuwako pesa, sarafu ya shaba ambayo jina lake pia ni la Kihindi. Sayyid Barghash wa Unguja alipiga pesa zake mwenyewe zenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, na tena mwaka 1304. Rupia moja ilikuwa pesa 64.

Wadachi walipoingia nchi hii, fedha ilikuwa kwanza mikononi mwa Kampuni yao. Nayo Kampuni haikuwa na haraka ya kubadili desturi za soko. Kuanzia mwaka 1890 ilipiga rupia zake zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita, na pesa za shaba zenye tai upande mmoja na maneno ya Kiarabu upande wa pili, hata mwaka ukaandikwa kwa hesabu ya Hijra. Hesabu ilibaki ile ile, pesa 64 kwa rupia. Mwuza samaki wa Pangani hakuwa na haja ya kujifunza jambo jipya.

Mambo yalibadilika mwaka 1904. Serikali ya Kidachi ilikuwa imekwisha kuichukua kazi ya fedha kutoka kwa Kampuni, ikaamuru kwamba tangu sasa rupia igawanywe katika sehemu 100, si 64 tena. Na kila sehemu iitwe Heller. Tena ikaweka kwamba rupia 15 ni sawasawa na mark 20 za Ulaya. Zikatoka nusu hela na hela moja za shaba, zenye taji. Baadaye, kuanzia mwaka 1908, zikatoka hela tano, sarafu ya shaba iliyo pana na nzito, na hela kumi nyeupe zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga katika uzi kama shanga.

Kwa mtu wa Berlin hesabu ya mia ilikuwa jambo jepesi na zuri. Lakini natufikiri habari za mwanamke auzaye muhogo. Pesa 16 zilikuwa sawasawa na hela 25. Hapo hesabu yaenda vizuri. Bali pesa moja ni hela moja na nusu, na kichembe zaidi kisichoweza kulipwa kwa sarafu yo yote. Akisema, "Fungu hili lilikuwa pesa moja, basi sasa ni hela moja na nusu," akiuza mafungu 64 amepata hela 96, naye amepoteza hela nne katika kila rupia. Akisema, "Basi na iwe hela mbili," mnunuzi ndiye anayeumia, maana kilichokuwa cha rupia moja sasa ni rupia moja na hela 28. Kichembe kile lazima kiingie katika mfuko wa mtu fulani, na kwa kawaida mwenye kalamu na daftari hukiona kabla ya mwingine.

Na jina lenyewe Heller lilitoka wapi? Uko mji katika kusini ya Ujeremani uitwao Schwäbisch Hall, mji wa chumvi. Huko, zaidi ya miaka 700 iliyopita, walipiga sarafu ndogo yenye picha ya mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili. Watu wakaiita kwa jina la mji, "ya Hall", na kwa kusemwa na wengi likawa Heller. Ikaenea nchi nyingi za Ulaya, na kadiri ilivyoenea ndivyo thamani yake ilivyopungua, hata ikawa jina la kitu kilicho kidogo kabisa. Wajeremani husema mpaka leo kwamba mtu hana hata Heller nyekundu, maana yake ni maskini kabisa. Ni nyekundu kwa sababu ya shaba. Katika nchi yao wenyewe sarafu hiyo ilikuwa imekwisha kuondoka pale fedha ya mark ilipowekwa katika miaka ya 1870. Basi jina lililokuwa limestaafu kwao likatumwa kufanya kazi kwetu.

Wasomaji wa Biblia watapenda kujua jambo hili pia. Katika Mathayo sura ya tano, mstari wa 26, Bwana anasema habari za mdeni atakayelipa mpaka kipande cha mwisho. Kiyunani kinataja kodrantes, sarafu ndogo ya Kirumi. Martin Luther alipofasiri kwa Kidachi aliandika Heller. Biblia yetu ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 yasema senti. Kila mfasiri alitia mkono katika mfuko wa watu wake mwenyewe, akatoa sarafu iliyo ndogo kuliko zote. Nasi twaona alifanya vema, kwa sababu maana ya mstari haimo katika shaba, imo katika udogo wake.

Sasa tumefika penye fundo la maneno yetu. Imekuwaje sarafu iliyo ndogo kuliko karibu zote iwe jina la mali yote? Leo twasema "ana hela" kwa mtu mwenye nyumba tatu na magari. Angalikuwako mzee wa mwaka 1906 akasikia hayo, angaliuliza, "Hela ngapi? Moja?"

Twaona njia ni hii. Mtu anapotaka kukana, hakani kwa kitu kikubwa. Hasemi, "Sina rupia mia," maana huenda akaulizwa, "Basi na tisini?" Husema, "Sina hata hela," na hapo mlango umefungwa, kwa maana aliyekosa kilicho kidogo amekosa vyote. Likisemwa hivyo miaka mingi, neno "hata" huchakaa na kuanguka, kama kishikizo cha kanzu kilichovaliwa sana. Hubaki "sina hela". Na watoto wasioijua sarafu yenyewe husikia hayo, wakafahamu kwamba hela ni kile kitu ambacho baba hana, yaani fedha. Wakikua husema, "Fulani anayo hela." Hivyo neno likapanda kutoka shaba mpaka dhahabu, na ngazi yake ilikuwa umaskini.

Je, usemi huu tulifundishwa na Wadachi, kwa kuwa na wao wanayo Heller yao nyekundu? Mtu aweza kudhani hivyo, lakini sisi hatuoni haja. Neno pesa lilipita njia ile ile: lilikuwa sehemu moja ya 64, nalo leo ni jina la fedha zote tangu Lamu hata Kigoma. Fulusi nalo ni hivyo hivyo, ni neno la Kiarabu la sarafu za shaba. Ukutani palikuwa na msumari tayari. Wadachi walileta kofia tu, nasi tukaitundika.

Lakini msomaji mwerevu atauliza, "Kama pesa lilikuwako, kwa nini watu walihitaji neno la pili?" Swali hili ni zuri, na jibu lake halimo sokoni, limo katika kodi na kazi. Sheria ya kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897, ikaanza kushika watu mwaka uliofuata. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia tatu. Katika hesabu ya zamani rupia tatu ni pesa 192, na katika hesabu mpya ni hela 300. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye serikali ilitaka fedha yenyewe. Hapo mtu wa milimani ambaye mahindi yake na ndizi zake zilimtosha, wala hakuwa na shida kubwa na sarafu, alilazimika kuitafuta.

Naye aliitafuta wapi? Reli ilianza kujengwa kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Daktari Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Marekani. Katika miche elfu moja iliyotumwa ilisalia 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na katika hiyo yakatoka mashamba yote tuliyoyaona yakijaa kando ya reli. Huko Usambara, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, iliwekwa desturi ya kipande kuanzia mwaka 1907: kila mwanamume alipewa karatasi, naye alipaswa kumfanyia kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliokwisha kupangwa. Asiye na kipande chenye alama zake aliweza kutiwa katika kazi za serikali.

Basi kwa maelfu ya watu wa bara, hela haikuwa mrithi wa pesa. Wao pesa ya pwani hawakuizoea sana. Hela ndiyo sarafu ya kwanza waliyoipokea mkononi kwa jasho lao, na ndiyo ya kwanza waliyoitoa kwa karani wa kodi. Neno lililoingia kwa mlango huo halitoki kwa urahisi.

Ushahidi tunao katika ramani. Unguja, ambako Wadachi hawakutawala, watu husema pesa. Hela wanaifahamu, bali waisikia kama neno la watu wa Bara. Ukivuka mpaka wa Horohoro ukaingia Kenya, hela inapungua, na pesa ndiyo yenye nguvu. Lakini nenda magharibi hata Burundi, nchi iliyokuwa chini ya Wadachi mpaka mwaka 1916: katika Kirundi fedha huitwa amahera, na mizizi yake ni hiyo hiyo Heller. Mipaka ya dola iliyoanguka zaidi ya miaka mia iliyopita yaweza kufuatwa kwa kusikiliza tu jinsi mtu anavyolalamika kwamba hana kitu.

Habari za vita tutazieleza kwa ufupi. Mwaka 1914, mwanzo wa Novemba, Waingereza walishuka Tanga wakapigwa. Wakarudi na kuutwaa mji mwezi wa Julai 1916. Katika miaka hiyo bahari ilikuwa imefungwa, na sarafu hazikuweza kuja kutoka Ulaya. Serikali ya Kidachi ikapiga hela zake yenyewe Tabora, katika karakana ya reli, mwaka 1916: hela tano na hela ishirini za shaba ya njano na nyekundu, pamoja na dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na mlima. Ikachapa na noti nyingi za karatasi hafifu. Noti hizo hazikuwa fedha tena chini ya serikali mpya, na mtu aliyezificha darini akidhani ameweka akiba alikuwa ameweka karatasi. Mwenye sarafu ya fedha au dhahabu alibaki na chuma chake.

Kisha Waingereza wakaleta florini mwaka 1920, na mara baada yake shilingi yenye senti 100. Rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. (Ndiyo sababu nusu shilingi iliitwa sumni, neno la Kiarabu la sehemu ya nane. Watoto wa shule hushangaa kwa nini nusu iitwe thumuni. Ilikuwa thumuni ya riale ya kale, ambayo ilikaribia rupia mbili na kidogo, na robo ya rupia ndiyo senti 50.) Senti nazo zilikuwa na tundu, nazo zilikuwa ndogo kuliko hela, na watu wakasema, "Sina hata senti." Walakini senti haikupata cheo. Husemwa "sina senti tano", lakini hakuna asemaye "ana senti" kwa maana ya kuwa tajiri. Sisi twaona kwamba ilichelewa, ikakuta kiti kimekwisha kukaliwa.

Sasa tuseme jambo moja linalohusu nyumba zetu, kwa maana tumeliona likileta ugomvi. Zamani "sina hata hela" lilikuwa neno ambalo lingeweza kupimwa. Mtu aliweza kukung'uta mfuko wake mbele ya mwenzake. Ikianguka sarafu moja ya shaba, amesema uongo. Leo "sina hela" halipimwi. Mume asema hana hela, maana yake hana fedha za kununua kitambaa alichoombwa, bali anazo za nauli na za sukari. Mke aona amenunua sukari, naye asema, "Kumbe ulikuwa nazo!" Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, na kumbe neno ndilo lililowakosanisha: mmoja amelitumia kwa maana mpya, na mwingine amelisikia kwa maana ya kale. Kadhalika kaka aliyeko mjini akimwambia mdogo wake wa kijijini kwamba hana hela ya ada. Yule wa kijijini anaelewa kwamba mfuko ni mtupu, akimhurumia. Akija mjini akaona redio na kochi, huruma inageuka kuwa uchungu wa miaka. Ingalikuwa afadhali mtu kusema, "Ninazo elfu kumi, nazo nimeziwekea kazi hii na hii." Ni maneno marefu zaidi, tena yanahitaji ujasiri.

Wako walimu ambao wakiona "hela" katika insha ya mtoto huipiga mstari mwekundu na kuandika juu yake "fedha", wakisema hela ni neno la mitaani. Kwa barua ya kuomba kazi au kwa hati ya mkataba hatutagombana nao. Fedha lafaa zaidi. Lakini wakimfundisha mtoto kwamba neno hilo ni la kihuni, hapo hatukubaliani. Lilichapwa na serikali, likahesabiwa na makarani, likalipiwa kodi ya nyumba za babu zetu. Na fedha lenyewe, tukitaka kuwa wakali, ni jina la madini meupe. Noti zetu hazina hata chembe yake.

Shilingi ya Tanzania ilianza mwaka 1966, baada ya kuundwa kwa Benki Kuu yetu, na tangu hapo sura za fedha zimebadilika mara nyingi. Tangu mwaka 2008 watu wa nchi hii wametumiana fedha kwa simu kwa njia iitwayo M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka mmoja mbele. Jina la njia hiyo lina pesa ndani yake, lakini msikilize mtoto aliyeko chuoni anapompigia mama yake Muheza: "Mama, nitumie hela." Hakuna shaba, hakuna tundu, hakuna uzi, wala hakuna kitu cha kushika mkononi.

Zile hela zenyewe huonekana bado, hasa wakati wa kulima penye mahame ya zamani, au katika visanduku vya mabibi. Atakayeiona moja aisafishe kwa kitambaa laini, asiisugue kwa mchanga, kisha aitazame kwa makini. Chini yake kuna herufi ndogo moja. Ikiwa ni A, ilipigwa Berlin; ikiwa ni J, ilipigwa Hamburg; na ikiwa ni T, ilipigwa Tabora wakati wa vita, kwa mikono ya mafundi wa reli.